Mama Namba na Baiskeli Isiyo na Namba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha la kibanda chake, Mama Namba ameshaipindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu, usukani chini. Amepiga goti juu ya kipande cha boksi. Mkono wa kushoto umeshika tochi, wa kulia mswaki wa meno uliochakaa, uliochovywa kwenye mafuta ya taa. Anasugua sehemu moja tu: tumbo la fremu, pale chini kabisa mikono ya pedali inapokutana.

Linatoka tope, kisha grisi iliyokauka, kisha magamba ya rangi. Anafuta kwa kitambaa, anazima tochi, na kupitisha kidole gumba taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Ipo," anasema bila kuinua kichwa. "Herufi moja, tarakimu sita. Aliyekuuzia alikwambia ya mwaka gani?"

Mteja, dereva wa lori aliyeinunua mtandaoni wiki iliyopita, anatoa simu na kusoma tangazo kwa sauti: baiskeli ya mashindano, ya kale, mwaka 1965, haipatikani tena.

"Sitini na tano!" Anayedakia ni fundi cherehani wa kibanda cha pili, mwanamume mwembamba ambaye mtaa mzima unamwita Pindo. "Huko mtandaoni kila baiskeli imezaliwa sitini na tano. Hizo za themanini zilikwenda wapi, zilikufa zote?"

Dereva anacheka. Mama Namba hacheki. Anachukua kipimo chake cha chuma na kupima nafasi kati ya miguu miwili ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma. Milimita mia moja ishirini na sita.

"Nafasi hii ilitengenezwa kwa gia sita," anamwambia dereva. "Enzi hizo unazotajiwa, baiskeli za namna hii zilikuwa na gia tano, na nafasi yake ni mia moja ishirini. Umeuziwa mjukuu ukaambiwa ni babu. Lakini ni mjukuu mzima, usihuzunike."

Mama Namba ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda hiki cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Ameomba jina lake la kuzaliwa lisiandikwe. Si kwa ajili yake, anasema. Ni kwa ajili ya mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja.

Riziki yake haitoki kwenye baiskeli za kale. Inatoka kwenye pancha: nane kwa siku nzuri, mbili siku ya mvua. Lakini tangu watu waanze kununua baiskeli kuukuu kupitia simu, wanakuja kwake kuuliza walichonunua ni nini. Kwa mwezi wanafika watatu au wanne. Kwa bei ya tyubu mbili, anaikagua baiskeli tangu usukani hadi cheni na kumwandikia mwenyewe kadi: namba ya fremu, mwaka, vifaa vya asili, vifaa vilivyobadilishwa. Chini anatia sahihi.

"Siandiki nisichokigusa," anasema.

Kazi yenyewe anaieleza kwa maneno machache. Viwanda vya zamani vilikuwa na desturi ya kupiga alama ya mwaka nyuma ya vifaa, mahali macho hayafiki: nyuma ya mkono wa pedali, ndani ya breki, kwenye nati ya ekseli. Kifaa kimoja kinaweza kudanganya kwa sababu huwa kinabadilishwa. Kwa hiyo anavihoji vyote, "kama polisi anavyohoji watu wa nyumba moja, kila mtu chumba chake." Wengi wakitoa jibu moja, huo ndio mwaka.

Kitu kisichobadilishwa ni namba iliyo tumboni. Ndiyo maana anaanza nayo kila mara, kabla hata ya salamu. Wateja wanadhani ni mbwembwe za kazi. Pindo anajua kwamba kwa muda fulani haikuwa kazi.

"Alikuwa anamtafuta mgonjwa wake," anasema Pindo, sindano ikiwa imebanwa mdomoni. "Kila baiskeli ikija, anapindua. Nikawa namwambia, jirani, baiskeli haziishi duniani, utapindua mpaka lini?"

Mgonjwa mwenyewe alikuwa baiskeli ya baba yake.

Baba yake alikuwa tarishi. Siku za kazi alipeleka barua za ofisi kwa baiskeli ile, na Jumapili aliivua kikapu, akaivua na taa, akaenda nayo kwenye mashindano. Alishinda mara mbili tu katika maisha yake, lakini aliiosha kila Jumapili kama mtu aliyeshinda. Aliinunua mpya mwaka 1978, na risiti yake, yenye namba ya fremu iliyoandikwa kwa wino wa bluu, aliihifadhi ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe wawili.

Baba alipofariki, mama aliitundika baiskeli ukutani kwenye ujia wa nyumba. Hakuruhusu mtu aishushe. Akipita kando yake kwenda jikoni, alikuwa akiigusa tairi.

Mwaka huu, alfajiri moja, mama alizidiwa. Mama Namba, ambaye alikuwa amelala pale, alimwinua haraka na kumwahisha hospitali. Ni mama aliyefunga mlango wa nyuma, huku akishikilia ukuta, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kufunga nyumba yake.

Siku ya tatu mdogo wake, mwenye ufunguo wa akiba, alipita kuangalia nyumba. Akapiga simu wodini.

"Dada, wameingia," alisema. "Wameondoka na baiskeli ya baba. Mlango wa nyuma ulikuwa haujakomewa."

Mama Namba hakupenda mama asikie, lakini wodi ni wodi, vitanda vimebanana, na simu yake ilikuwa ya sauti kubwa. Mama alisikia.

"Basi ni mimi," mama alisema. "Nilidhani nimelisukuma lile komeo. Mkono haukuwa na nguvu."

Alilisema hilo siku hiyo, na kesho yake, na siku zote zilizobaki. Wakimpa uji anauacha: mzee wenu atanifikiriaje, nimelala miaka yote na kitu chake, siku moja tu nimekiachia wezi. Mdogo mtu alikuja kumtazama mara nne, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamsikia akisema hivyo, akamwambia, "Usijali mama, ni kitu tu."

Siku ya kumi na tisa mama alifariki.

Mama Namba alikwisha kutoa taarifa polisi. Alipeleka risiti. Askari alinakili namba kwenye daftari na kumwambia, ikionekana baiskeli yenye namba hii utaitwa. Yeye alijua namba hiyo haitaonekana, na alijua kwa nini, lakini aibu ilimziba mdomo.

"Namba ile niliifuta mimi," anasema, na kwa mara ya kwanza anauweka mswaki chini.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Baba alisafiri wiki mbili, na binti aliyekuwa akimshikia spana tangu hajaota meno ya ukubwani aliamua kumpa zawadi: angeipaka baiskeli rangi upya. Alinunua kopo la kijani. Alikwangua rangi ya zamani yote. Alipofika tumboni alikuta chuma kina mabonde mabonde yaliyoshika kutu, kitu kibaya, kama kovu. Hakujua ni namba. Alidhani ni kasoro ya kiwandani. Akachukua tupa, akakaa kutwa nzima akisawazisha, mpaka pakawa laini kama sahani.

Baba aliporudi aliizunguka baiskeli mara mbili akicheka. Kisha akaipindua. Kidole chake gumba kilipita tumboni, kikarudi, kikatulia pale.

"Umeipaka vizuri, mwanangu," alisema.

Hakuongeza neno hata moja, siku hiyo wala baadaye. Binti alikuja kuelewa maana ya namba miaka minane mbele, baba akiwa ameshazikwa, siku aliyofungua ile bahasha na kuisoma risiti.

"Aliona kila kitu, akanimezea," anasema Mama Namba. "Angenichapa ningekuwa nimesahau."

Jumamosi moja, miezi minne iliyopita, kijana mfamasia alifika kibandani akisukuma baiskeli nyeusi inayong'aa. Ni kijana mpole, wa kuongea huku anatazama viatu vyake.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwako. Nasikia unazijua baiskeli kuliko waliozitengeneza."

"Marahaba mwanangu. Hao wanaokuelekeza wananitafutia maadui. Ilete."

Aliipindua kama kawaida. Rangi nyeusi haikumwambia kitu. Mwenyewe alisema aliipuliza nyumbani kwa sababu ya zamani ilichubuka. Vipini vilikuwa vipya, kiti kipya. Mama Namba aliwasha tochi, akasugua, akazima tochi, akapitisha kidole.

Hapakuwa na kitu.

Baiskeli zisizo na namba amezishika nyingi. Mwizi hufuta kwa haraka, anaeleza, na huacha mashimo na mikwaruzo inayopishana. Hapa mtu alikuwa amekaa kutwa nzima. Na upande wa kushoto, kidole kilipokaribia ukingo, kiligusa mfuo mmoja mdogo, urefu wa punje ya mchele. Ndipo tupa ilipomteleza, akiwa na miaka kumi na saba, akalia kwa hofu kwamba ameharibu zawadi.

"Nilimwona amekaa chini," anakumbuka Pindo. "Si kwenye stuli. Chini, kwenye vumbi, na gauni jipya nililomshonea mimi. Nikasema leo huyu kaanguka presha. Naenda kumwinua, ananiambia, Pindo, nimempata."

Alifurahi, anasema, na furaha hiyo ilidumu muda wa kunywa maji ya glasi moja. Alimweleza mfamasia yote: baba, risiti, wezi, hospitali. Kijana alishtuka. Alitetea heshima yake: hakununua kichochoroni, alinunua kwa mtu mwenye tangazo, mchana kweupe, na tangazo lenyewe bado analo. Akafungua simu, akampa.

Kwenye picha baiskeli ilikuwa ya kijani. Iliegemezwa kwenye ukuta wa njano wenye kiraka cha saruji chini ya dirisha. Kando yake palikuwa na kiti cha plastiki, mguu mmoja umevunjika, umefungwa kwa ukanda wa tyubu.

Ukanda ule aliufunga yeye mwenyewe. Kiti kile ndicho mama alichokuwa akikalia uani akichambua mchele.

Chini ya picha pameandikwa: ya marehemu mzee, mwaka 1968, imetunzwa. Na tangazo lilikuwa la siku ya pili tangu mama alazwe, siku moja kabla ya ile simu ya wodini.

Pindo aliomba simu, akavaa miwani, akatazama, kisha akamrudishia mwenyewe taratibu na kwenda kukaa kwenye cherehani yake bila kushona.

Mama Namba alimpigia mdogo wake palepale, simu ikiwa juu ya meza ya spana, sauti ileile kubwa. Waliokuwepo walisikia.

"Baiskeli ya baba iko hapa kwangu."

"Ipi?"

"Unajua ipi. Na picha ya kiti cha mama iko hapa."

"Dada, usianze. Nilikwama. Lile chuma lilikuwa linakula ukuta tu, nani alikuwa analipanda? Wewe?"

"Kuuza umeuza. Mimi siulizi kuuza. Nauliza mlango."

"Mlango gani tena?"

"Mama alifunga mlango au hakufunga?"

Sauti ya mdogo wake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyekwisha kujiandaa. "Nenda polisi basi kama unaona nimekuibia. Watakuuliza namba. Utawaonyesha namba gani? Baiskeli isiyo na namba haina mwenyewe, si ndivyo unavyowaambia wateja wako? Nani aliifuta, dada? Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni."

Akakata.

Na polisi alikwenda kweli, Jumatatu yake, pamoja na mfamasia na baiskeli. Askari aliisoma risiti, akainama, akaangalia tumbo la fremu, akainuka. "Mama," alisema, si kwa ubaya, "umeniletea karatasi ya baiskeli nyingine." Na picha? Picha inaonyesha ukuta, akaambiwa. Kuta za njano ziko nyingi.

Waliporudi, mfamasia alisema kama angerudishiwa alichotoa angeiacha. Lakini alichotoa ni sawa na pancha za Mama Namba za miezi saba, bila kula. Mama Namba aliusema ukweli huo bila kuficha, na kijana akaona haya, na yeye akamwonea huruma kwa kuona haya.

Hapo ndipo Pindo alipotoa wazo ambalo mpaka leo analisimamia.

"Nilimwambia, jirani, nyundo unayo. Vile vichuma vya kupigia namba unavyo humo ndani ya kopo. Karatasi unayo. Piga namba pale pale ilipokuwa! Unaongopa nini? Si namba yake?" Anatema uzi. "Akakataa. Nikamwita mjinga. Na leo mwandishi ukiwepo namwita tena: mjinga."

"Nikiipiga mimi itakuwa namba yangu, siyo ya baiskeli," anasema Mama Namba. "Miaka thelathini nakula kwa kuwaambia watu hii ya kweli, hii imepigwa juzi. Nitapiga vipi? Halafu aje mtu mwenye kidole kama changu, apapase, aseme, huyu naye."

Badala yake alifanya kazi aliyoagizwa. Alivihoji vifaa vyote. Mkono wa pedali ulisema sabini na saba. Nati ya ekseli ya mbele ikasema sabini na saba. Breki, sabini na sita. Gurudumu la nyuma lilikuwa geni. Aliandika kadi kwa mwandiko wake wa shule: mwaka 1977, si 1968 kama ilivyotangazwa. Kwenye mstari wa namba aliandika: *Ilifutwa kwa tupa na fundi aliyeandika kadi hii.* Akatia sahihi.

Mfamasia aliomba kununua na ile risiti, maana ikiambatana na baiskeli thamani yake ingepanda. Hilo nalo alikataa. Kwa hiyo sasa yeye ana namba isiyo na baiskeli, na kijana ana baiskeli isiyo na namba, na kila mwisho wa mwezi vitu hivyo viwili vinakutana kibandani kwa muda wa nusu saa, baiskeli ikipakwa mafuta na risiti ikiwa ndani ya droo.

Anamtoza bei kamili. "Nikimfanyia bure, nitaanza kuona ni yangu," anasema.

Mdogo wake, alipopigiwa simu na gazeti hili, alisema hana muda wa mambo ya kale na kwamba dada yake anapenda kukuza mambo. Alipoulizwa kuhusu mlango, alisema yuko barabarani na mtandao ni mbaya. Kwa sasa anaishi katika nyumba ya mama yao.

Dereva wa lori amekwishaondoka na kadi yake na mjukuu wake. Jua limefika kwenye kizingiti. Mama Namba anaosha mikono kwa sabuni ya unga, vidole vyote mara moja, kidole gumba mara tatu. Anaulizwa ana mpango gani. Wengi wangetaja kibanda kikubwa zaidi, au mashine mpya.

"Jumapili nakwenda nyumbani kwa mama," anasema. Hajakanyaga nyumba ile tangu siku alipompigia mdogo wake simu. Pindo atamsindikiza, amesema atavaa suti, ili kama ni kutukanwa atukanwe akiwa nadhifu. "Baiskeli siidai tena. Nataka kile kiti. Mguu wake niliufunga mimi, hilo halihitaji namba."

Anafuta mikono, anakunja kitambaa mara nne.

"Na nitaingilia mlango wa nyuma. Nataka nilisukume lile komeo kwa mkono wangu, nione kama mgonjwa anaweza kulifunga. Najua anaweza. Lakini siandiki nisichokigusa." Anaitazama barabara, ambako mteja mwingine anakuja akikokota baiskeli yenye pancha. "Nikitoka hapo nakwenda moja kwa moja makaburini, nimwambie mama kwamba alifunga."